Nilisema ufukwe, roboti likasikia tusi

Nyota mbili. Nilikuwa nitoe nne, lakini ngojeni nieleze.

Mie ni msaidizi wa nahodha, tunavusha wageni kutoka Forodhani, hapa Zanzibar, kwenda kisiwa cha Changuu. Nataka siku moja niwe muongozaji mwenye kitambulisho, kwa hiyo nahitaji Kiingereza cha mdomoni, si kile cha skuli cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Rafiki yangu akanionesha programu hii ya roboti la kuzungumza nalo. Unalipa kwa mwezi, unabonyeza, unaongea, lenyewe linakujibu kwa sauti ya kike, tamu kama ya mtangazaji wa redio.

Siku za mwanzo, raha tupu. Nikalihadithia kobe wetu wakubwa, kwamba wanne wa mwanzo waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kwamba gereza lililojengwa pale halikupata mfungwa hata mmoja, kisiwa kikaishia kuwa karantini ya homa ya manjano. Likaniuliza maswali, nikajibu. Nilikuwa natamka "totoizi", likanirekebisha bila kunicheka. Hilo la kutonicheka ndilo lililonikamata. Sisi huku ukikosea neno moja la Kiingereza, wenzio watakuita kwa neno hilo mpaka Ramadhani nyingine.

Basi usiku mmoja baada ya isha nimekaa barazani, bando limebaki kidogo, najizoeza kukaribisha mgeni. Nikasema kwa Kiingereza: tukishawaona kobe, nitakupelekeni kwenye beach nzuri sana. Kimya. Halafu ile sauti tamu ikageuka ya mwalimu wa zamu: tafadhali tuzungumze kwa heshima. Kutazama kwenye kioo cha simu, limeandika lile neno la kumwita mwanamke jike la mbwa! Eti kobe kwanza, halafu huko ndiko ninakowapeleka wageni wa watu.

Nikarudia taratibu. Likanionya tena. Nikaivuta ile i mpaka jirani akachungulia dirishani. Mara ya tatu likafunga mazungumzo, nimekiuka masharti, nijaribu kesho. Mie! Mama yangu hajapata kunisikia nikimtukana hata punda.

Kosa la ulimi nalikubali. Kiswahili kina irabu tano, na kwetu i ni i, uivute usiivute. Waingereza wanazo mbili, ukiikosa moja unakuwa mhuni. Lakini si ndiyo sababu nimelipa? Mwalimu mwenye akili zake angesikia kobe, mashua, kisiwa, wageni, akajua huyu anatafuta mchanga, hatafuti ugomvi. Hili limeshika neno moja, kobe wote likawasahau.

Nikaandika malalamiko. Nimejibiwa kwamba wanathamini maoni yangu. Nyota moja basi!

Ila, tusidanganyane. Kabla ya programu hii sikuwa nafungua mdomo mbele ya mgeni, kazi yangu kunyoosha kidole na kutabasamu. Sasa naongea, japo nabomoa. Na mwalimu wa kweli saa nne ya usiku utampata wapi, tena kwa bei gani? Kwa upande mwingine, pesa ile ni kitoweo cha siku mbili, na mtu hatoi kitoweo chake ili aitwe mtovu wa adabu. Sijui kama nitalipa tena.

Juzi Mtaliana mmoja kanigusa bega mashuani, kaniuliza kwa Kiingereza chake beach iko upande gani. Kalitamka vilevile ninavyolitamka mie, i ya mkato, tusi kamili. Nikamwelewa palepale, nikamuonesha, tukashuka, akavua viatu. Hakuna aliyetuonya.

Zimebaki siku kadhaa za kifurushi. Leo usiku nitalifungua tena, ila nitasema "sand". Haya, nyota mbili zibaki.