Garrard 301: usiiache kwa sababu ya mngurumo

Wengi wanaojuta kuikosa Garrard 301, mashine ya zamani ya kupigia santuri, waliiacha kwa kosa lile lile. Waliiwasha, wakasikia mngurumo chini ya muziki, wakasema mota imekwisha, wakaondoka. Waliporudi, imeshachukuliwa.

Mashine hii ya santuri ilitengenezwa Swindon, Uingereza, tangu miaka ya 1950 hadi modeli ya 401 ilipochukua nafasi yake mwaka 1965. Hata BBC waliitumia. Haina mkanda wa kuizungusha: mota, kupitia pulei (kigurudumu cha chuma kwenye mhimili wake), huzungusha gurudumu dogo la mpira, nalo husukuma ukingo wa ndani wa sahani inayobeba santuri. Besi yake imeshiba, haiyumbi, na hiyo ndiyo raha yake yote. Lakini mpira ukikauka, mtikisiko wa mota hupanda hadi kwenye sindano.

Chomoa waya wa umeme, inua sahani, bonyeza mpira kwa ukucha. Mzima hubonyea kidogo ukarudi. Ukiwa mgumu kama kwato na unang'aa, mngurumo umeshaujua ulikotoka. Futa mpira, pulei na ukingo wa sahani kwa spiriti, usiviguse tena kwa vidole. Mpira ukikataa kabisa, magurudumu mapya yanapatikana. Beringi za mota nazo zinataka matone machache ya mafuta mepesi. Beringi ya sahani ni habari nyingine: za mwanzo hutumia grisi, za baadaye mafuta, na usitie kimoja mahali pa kingine. Grisi kuukuu huganda, mwendo ukawa mzito. Ukimaliza, iache mashine izunguke dakika 10 ndipo upime mwendo.

Cha kuogopa ni beringi ya sahani iliyolika. Shika mhimili wa katikati, utikise pembeni; ukicheza, omba upunguziwe bei sana au achana nayo.

Iliyotoka Marekani ina pulei ya umeme wa kule, wa hezi 60. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mizunguko 33⅓ kwa dakika hushuka hadi kama 28, na kitufe cha kurekebisha mwendo hakiwezi kufidia pengo hilo. Tafuta pulei ya hezi 50, ambayo ni nene zaidi. Kabla ya kuchomeka, hakikisha viunganishi vya chini vimewekwa kwenye volti 200–250, la sivyo utaunguza mota nzima.

Ukiikuta haina mkono wa kushika sindano wala sanduku la kuikalisha, usidhani imenyofolewa vipuri. Ndivyo Garrard walivyoiuza ikiwa mpya.