Mashavu yangu yaliyoliwa na stavudini: uzoefu wangu na fila

Waliomeza ARV miaka ya 2000 wanaijua sura niliyokuwa nayo. Virusi vilitulia, nguvu zikarudi, ila stavudini, mojawapo ya dawa hizo, ilinyonya mafuta ya mashavu mpaka mifupa ikachomoza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi ziachane nayo, nami nikabadilishiwa dawa, lakini mafuta ya usoni yakishakwenda hurudi kidogo mno. Wanaosema huu ni urembo tu hawajawahi kusomwa uso na watu kwenye matatu kana kwamba ni kadi ya kliniki.

Daktari wa ngozi hapa Nairobi alinieleza njia mbili za fila, yaani kuyajaza mashavu kwa sindano. Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa tatizo hilihili la walio na VVU. Yenyewe huchochea mwili utengeneze kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hivyo unarudi kuchomwa tena na kungoja miezi. Juvéderm Voluma ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, na matokeo huonekana siku hiyohiyo. Nilichukua Voluma kwa sababu moja: mambo yakiharibika, kuna kimeng'enya cha kuiyeyusha, hayaluronidezi. Sculptra ikishaingia, haina cha kuiyeyusha.

Hakunificha hatari. Jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na hata jicho likapofuka. Nilimwomba anionyeshe hicho kimeng'enya kabla sijalala kitandani, akafungua friji nikakiona. Mahali ambapo hakipo, mimi singekubali kuguswa.

Alitumia kanula butu, mrija mwembamba usio na ncha kali, akipitia kitundu kimoja kila upande. Jeli yenyewe ina ganzi ndani yake, kwa hiyo sikuumia sana. Kilichonisumbua ni ule msukumo karibu na mfupa, unausikia hadi masikioni. Nilivimba, shavu la kushoto likavilia damu, kisha vyote vikaisha. Dada yangu aliniuliza kama nimenenepa. Sikumjibu, nilicheka tu.

Bei ndiyo inayouma. Unatozwa kwa kila sindano ya mililita moja, na mashavu yaliyobonyea kama yangu hayatosheki na moja. Bima yangu haikutoa hata shilingi, na jeli hii hukaa hadi miaka miwili hivi, halafu unaanza upya. Daktari alipendekeza tujaze na panja. Nilikataa, paa la nyumba linavuja.