Risasi za gobore kwa elki wa Colorado: nunua inayong'ang'ania mtutu

Septemba iliyopita, kwenye milima ya Flat Tops, jimbo la Colorado, Marekani, nilitembea asubuhi nzima katika manyunyu, gobore begani, mdomo wa mtutu chini ili maji yasiingie. Elki dume, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, akalia bondeni, akajitokeza, nikamlenga, misonobari ikamficha. Mchana nikatumbukiza ufito wa kushindilia. Alama niliyoichora kwenye ufito ilisimama vidole viwili juu ya mdomo wa mtutu. Risasi ilikuwa imeteleza, imeachana na baruti! Ningefyatua, mtutu ungeweza kuvimba au kupasuka karibu na uso wangu.

Kwa hiyo sitazungumzia kasi wala umbali. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Naangalia kitu kimoja: risasi inakaa pale ulipoishindilia?

Colorado jambo hili ni zito, maana msimu wa magobore sheria inakataza saboti, kile kivazi cha plastiki kinachoibana risasi. Unashindilia risasi yenyewe, na mitutu miwili ya .50, yaani nusu inchi (ndicho kipenyo cha chini kwa elki), haifanani kwa upana. Inayobana kwangu huenda ikapwaya kwako.

Ninayoipenda, na sifichi, ni risasi ya No Excuses ya greni 460 (greni ni kipimo kidogo cha uzito; hizo ni kama gramu 30). Ni madini laini ya risasi, imejaa mafuta, na kwangu inaingia kwa kusukumwa kwa nguvu. Natia chini yake kipande cha sufi, na greni 80 za baruti ya Triple Seven zilizopimwa kwa kibaba cha ujazo, si kwa mizani. Elki dume ana kilo 300 na zaidi, mkubwa kuliko tandala wengi. Uzito huo wa risasi unamtosha.

Ya pili ni Great Plains ya kampuni ya Hornady, greni 385. Kitako chake kina shimo, moshi ukisukuma kinatanuka na kushika mtutu. Lakini hiyo ni baada ya kufyatua. Kabla ya hapo unategemea mafuta yake tu, kwa hiyo pima mara kwa mara.

Risasi ya PowerBelt inaruhusiwa, na inaingia kwa wepesi mno. Watu wanausifu wepesi huo. Mimi ndio unaonitia wasiwasi.

Goroli za duara ni rahisi. Kwa elki, ziache.

Kabla ya kununua boksi zima, omba tatu nne za kujaribu. Shindilia moja bila baruti wala fataki (kile kiwashio cha baruti), weka alama kwenye ufito, ning'iniza bunduki mdomo chini hadi asubuhi, upime tena. Kisha fungua nyuma ya mtutu uisukume itoke.

Na wauzaji! Duka moja la Denver liliniuzia boksi la saboti kutoka rafu iliyoandikwa "elki", pamoja na baruti ya vidonge, ambayo nayo imekatazwa msimu huo. Nilipoirudisha wakasema baruti hairudishwi. Nikachukua baruti nyingine, Blackhorn 209, isiyo ya vidonge. Bei ilinikaba koo, halafu nyumbani nasoma chupa: wakia 10. Makopo mengine pale rafuni yalikuwa ya ratili nzima, wakia 16, na muuzaji alinipangia bei kana kwamba yanalingana. Soma uzito kwanza, ndipo utoe pochi.