Ukitoa ranflati kwenye BMW, funga nini?

BMW 3 Series za toleo la E90, zilizoanza kutoka 2005, zimejaa barabarani kwetu. Nyingi zimefika kutoka Japani na tairi za ranflati, bila spea wala jeki. Ubavu wa ranflati ni mnene kiasi kwamba unabeba gari hata upepo ukiisha: kilomita 80 hivi, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Mjini inatosha. Morogoro hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 250, na pancha haichagui pa kutokea.

Nafasi ya kwanza naipa tairi nne mpya za kawaida pamoja na spea. Gari linalainika kwenye matuta siku hiyohiyo, bei inapungua, na msumari ukiingia, fundi wa kando ya barabara anaziba. Kwa saizi ya 225/45R17 chukua yenye namba ya uzito 94 na alama XL (tairi iliyoimarishwa), inayobeba kilo 670 kila moja. Yenye 91 hubeba kilo 615, na barabara zetu zina mashimo. Badilisha zote nne, usichanganye na ranflati. Spea iwe ya matundu 5x120 (matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 120), tundu la kati milimita 72.6. Ijaribu mbele na nyuma kabla hujalipa, kwa sababu ringi ndogo inaweza kugusa breki. Buti haina shimo la spea, kwa hiyo ifunge kwa mkanda. Itakula nafasi ya begi moja, na mimi naona inastahili.

Pili, tairi hizohizo bila spea, ila una vifaa vya kuzibia pancha na pampu ya volti 12. Ni kwa anayezunguka mjini tu. Ubavu ukichanika, vifaa hivyo havikusaidii.

Tatu, ranflati mpya. Ni ghali na ngumu, lakini mtu anayeendesha peke yake usiku, asiyetaka kushuka gizani kubadilisha tairi, ana sababu nzuri ya kubaki nazo.

Mwisho kabisa, ranflati za mtumba. Tafadhali usinunue. Nilisimama gereji fundi akiitoa moja kwenye ringi. Kwa nje ilikuwa inang'aa, kashata (meno ya tairi) zimejaa. Alipoigeuza, ukamwagika unga mweusi wa mpira, na ubavu kwa ndani ulikuwa umekwaruzika duara zima. Ilikuwa imeshatembezwa bila upepo, na ubavu wa hivyo haurudi kuwa salama. Kama umeshanunua, mwambie fundi aifungue mbele yako, upitishe kidole ndani. Kikitoka cheusi, irudishe.

Baada ya kufunga tairi mpya, jaza upepo kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, kisha weka upya mfumo wa kuonya pancha, la sivyo utakuwa bado unalinganisha na tairi za zamani.