Ukipigwa mkono Kibaigwa: tathmini ya TMS, mfumo wa kuangalia deni la trafiki

Swali halikauki kwenye vijiwe vya bodaboda, stendi ya Nanenane na hata maegesho ya ofisi kule Mtumba: trafiki akikupiga mkono, lazima usimame? Lazima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inampa askari mamlaka ya kusimamisha chombo, na kupuuza ishara yake ni kosa linalosimama lenyewe hata kama gari lako halina doa. Sababu utaiuliza ukishaegesha.

Ubishi wote huo, kwa maoni yetu, unapoteza muda kwa sababu kuna kitu kimeshaumaliza. Zamani aliyelala mbele, yaani aliyekimbia bila kusimama, alikuwa amelala mbele kweli; askari abaki na vumbi lake. Siku hizi kosa linaandikwa kwenye namba ya gari, deni linakaa kwenye mfumo, na litakusubiri Gairo, Manyoni au popote atakapokuwepo askari mwenye mashine ya POS. Mfumo huo ndio TMS (Traffic Management System) wa Jeshi la Polisi, na sehemu yake iliyo wazi kwa raia ni tovuti ya tms.tpf.go.tz. Ndiyo tunayoipima hapa, kwa jicho la anayeendesha Dodoma na njia zake.

Lakini tuanze barabarani, kwa sababu ubora wa kile kitakachoandikwa huko unategemea sana namna ulivyosimama.

Chukua askari anayetokea kwenye kivuli cha mwarobaini, mita 40 mbele yako. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kuuona mkono na kuhamisha mguu, mita 22 zimekwenda. Breki nzima kwenye lami kavu zinataka nyingine kama 35. Jumla mita 57 hivi, yaani utampita upende usipende. Ukiwa 50 unahitaji 14 za kuona na kama 14 za breki, jumla 28, unasimama kabla hujamfikia ukiwa na nafasi ya kubaki. Hesabu hiyo ni ya gari dogo. Fuso lililobeba mahindi ya Kibaigwa, au lami iliyolowa mvua ya Januari, ongeza umbali mkubwa.

Kwa hiyo ukiona huwezi kusimama mbele yake, usikanyage breki za kufa na semi likiwa mgongoni. Washa indiketa ya kushoto hapo hapo; hiyo ndiyo inayomwambia askari kwamba umemwona na hukimbii. Tazama kioo cha kushoto, maana bodaboda hupenda kupenya upande huo huo, kisha shuka gia na utoe magurudumu yote manne nje ya mstari wa pembeni. Pale ambapo ukingo wa lami umeliwa, usitumbukize tairi za upande mmoja kwa kasi, gari litavutwa likushinde. Ukishatulia washa hazadi, zile taa za tahadhari. Kama ulimpita mita mia, subiri hapo hapo au tembea kwa miguu ukiwa na leseni mkononi. Kurudi nyuma kwa rivasi kwenye barabara kuu ni kosa lingine jipya, na ndilo linalowapata wengi waliokuwa na nia njema.

Mkono ukikukuta kwenye kona, darajani au kilele cha kilima, indiketa washa mapema lakini egesha mbele penye nafasi. Usiku, akikusimamisha mtu asiye na sare wala gari la polisi, washa hazadi, punguza mwendo, endelea taratibu hadi kituo cha polisi au kwenye watu na taa, na piga 112. Mwendo wa taratibu na hazadi vinaonyesha wazi kuwa hukimbii.

Ukiegesha, zima injini, teremsha kioo, mikono ibaki kwenye usukani. "Habari za kazi, afande" inatosha. Toa leseni. Bima siku hizi inahakikiwa kwa namba ya gari, hivyo stika iliyopauka haikuokoi bima ikiwa imekwisha. Mtungi wa kuzimia moto uwe na mshale kwenye kijani na ufikike bila kupakua mizigo, na pembetatu ziwepo.

Kama kosa ni mwendo, omba kuona picha ya tochi, kile kifaa cha kupima mwendo. Mara nyingi aliyepiga tochi yuko nyuma na aliyekusimamisha yuko kilomita kadhaa mbele, picha imerushwa kwa simu. Angalia vitu vitatu: namba ya gari, mwendo na saa. Namba ikiwa haisomeki, sema hivyo kwa adabu kabla kosa halijaingizwa kwenye mashine, kwa sababu kulizungumza kabla ni rahisi kuliko kulifuta baadaye. Na tukumbushane: basi na gari la mizigo lenye uzito unaozidi kilo 3,500 mwisho wao ni 80 hata porini, na penye kibao cha 50 ni 50 kwa wote, mpaka utakapoona kibao cha kukifuta. Wanaokamatwa karibu na vijiji vya njia ya Morogoro wengi wao wameongeza mwendo nyumba zilipoisha, kabla kibao hakijaisha.

Sasa risiti. Faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, na kwa bodaboda na bajaji ni 10,000 tangu mwaka wa fedha 2021/22. Zingatia neno "kila": tairi kipara, taa ya breki iliyoungua na mkanda usiofungwa ni makosa matatu, 90,000 kwa kusimama mara moja. Soma karatasi kabla hujaondoka. Inapaswa kuwa na namba ya gari, leseni, kosa, mahali, kiasi na kontrol namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Karatasi yenyewe ni ile ya joto, haina wino. Ukiitupa juu ya dashibodi na jua hili la Dodoma, mchana haujaisha imeshakuwa nyeusi au tupu. Ipige picha ukiwa bado umeegesha. Na kama kosa hulikubali, sema hulikubali: una haki ya kulipeleka mahakamani.

Tovuti yenyewe ni nyepesi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Haitaki usajili wala nywila. Unachagua kutafuta kwa namba ya gari, kwa leseni au kwa kumbukumbu iliyo kwenye risiti, unaandika, unabonyeza. Namba ya gari andika mfululizo bila nafasi, mfano T101ABC, na pikipiki inaanza na MC. Ukiambiwa hakuna kitu, usishangilie haraka. Hakikisha sifuri hukuiandika kama herufi O, kisha tafuta tena kwa leseni.

Matokeo yanakuja kwenye jedwali: tarehe, mahali, kosa, faini, nyongeza, na kama limelipwa au bado. Jicho liende kwenye safu ya nyongeza. Hiyo ndiyo inayofanya deni la 30,000 lisiwe tena 30,000, na ndiyo sababu tunasema lipa ndani ya siku 7. Vichwa vya safu ni vya Kiingereza, kasoro isiyo na utetezi kwenye huduma ambayo watumiaji wake wengi ni madereva wa bajaji, haisi na malori. Tena jedwali ni pana kuliko kioo cha simu. Laza simu, la sivyo safu ya mwisho hutaiona na utadhani umeshalipa.

Kasoro ya pili ni mtandao. Mfumo unategemea intaneti, na kati ya mji na mji katika kanda hii kuna vipande virefu simu inabaki na alama ya kuzunguka tu. Angalia deni kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, ndipo uingie barabarani.

Kulipa hakuna maajabu: menyu ya pesa kwenye simu, malipo ya Serikali, kontrol namba, kiasi. Weka kiasi kilichoandikwa bila kupunguza, kwa kuwa pungufu mara nyingi hukataliwa. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie, wala usipokee kontrol namba ya kutumiwa na usiyemjua. Ilinganishe na ile iliyo kwenye mfumo. Deni likiendelea kuonekana muda mfupi baada ya kulipa, ujumbe wa muamala ndio ushahidi wako, usiufute.

Mahali ambapo TMS inang'aa kuliko kote, na watu hawapasemi, ni kati ya tajiri, yaani mwenye gari, na dereva. Kabla ya kupokea hesabu ya Jumamosi, tajiri wa haisi anaingiza namba ya gari, dereva anaingiza leseni yake. Tarehe na mahali vinaonyesha nani alikuwa kwenye usukani, na kosa lenyewe linaonyesha mzigo ni wa nani. Mwendo na mkanda ni vya dereva. Tairi, taa na bima vya tajiri. Ugomvi ambao ungemaliza nusu saa unakwisha kwa kutazama skrini. Kwenye kipengele hiki peke yake tungeipa tano kwa tano; kwa ujumla inapata nne, hiyo moja imeliwa na lugha.

Anayenunua gari la mkononi afanye hivyo hivyo pale pale mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa hata advansi. Deni linaifuata namba ya gari, si jina la aliyekuwa akiliendesha. Likionekana, muuzaji alipe kwanza, au likatwe kwenye bei na ulilipe mwenyewe papo hapo kwa kontrol namba iliyo kwenye mfumo. Kisha angalia tena siku ya kukabidhiwa funguo, maana kati ya makubaliano na makabidhiano gari huwa bado linatembea.