Garratt ya mvuke au dizeli ya English Electric: ipi iliibeba reli ya Mombasa–Nairobi?

Kwa nguvu peke yake, mimi nasimama na Garratt, injini kubwa ya treni ya mvuke, ya kundi la 59. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, ilitengeneza 34 katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kila moja ikapewa jina la mlima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi juu ya reli yenye upana wa mita 1 tu! Siri yake ni umbo: boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) limening'inia katikati, magurudumu yako mbele na nyuma kwenye seti mbili zinazojipinda kila moja peke yake. Ndiyo maana boila liliweza kuwa nene, na jitu lile likapita kwenye kona kali bila shida. Lilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe.

Injini za dizeli za English Electric, kampuni ya Uingereza, zilizoanza kufika 1960, zilikuwa na nguvu-farasi 1,840 hivi. Hazina mvuto ule, nakiri. Lakini hazikuhitaji vituo vya maji katika nyika kavu ya Tsavo, wala saa nyingi za kupasha boila kabla ya safari, na uzito wake mdogo kwa kila ekseli (mhimili wa magurudumu) uliziruhusu kupita kwenye reli nyepesi. Hapo mvuke ulishindwa kihalali.

Shirika lenyewe lilivunjika 1977. Garratt namba 5918, Mount Gelai, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukasimame karibu nayo.