Soko la tende Nizwa: nendeni asubuhi na tumbo tupu

Nyie mlioko Maskati mnaouliza tende za maana zinapatikana wapi, achaneni na maboksi ya supamaketi, chukueni gari mwende Nizwa, kilomita 160 hivi, lami tupu. Upande wa tende mle sokoni ndo penyewe. Unaingia tu unamiminiwa kahawa na visahani vya kuonja tende za kila aina, khalas, khunaizi, fardh, na hamna atakayekununia ukionja zote ukaenda zako. Mie roho yangu ipo kwenye khalas, rangi ya asali, laini na utamu wake haukwaruzi koo. Fardh nyeusi nyeusi, ngumu kidogo, ila hiyo ndo ya kuweka, hata ukiitia kwenye sanduku la kwenda Unguja inafika salama. Mzee aliyekuwa akinipimia alinisikia naongea na simu, akanirukia na Kiswahili cha Unguja kabisa, "weka hiyo mwanangu, hiyo ya watalii, onja hii". Bei ikashuka hapo hapo.

Mkitaka rutabu, zile mbivu zilizotoka mtendeni juzi, ni Juni mpaka Agosti na mnada unakuwepo, ila joto linapita 40, wazee waacheni nyumbani. Msimu wa baridi mtapata zilizohifadhiwa tu, si mbaya.

Nyota moja nimeikata. Kuna duka, silitaji, huko upande wa vyungu na majambia, boksi zuri la kioo, juu tende nonoo, chini vijitende vikavu kama kokwa. Fungueni kabla hamjalipa jamani.

Halafu msirudi bila kupita Falaj Daris, mfereji uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006. Maji yanatoka chini ya ardhi yanashuka yenyewe kwa mteremko, pampu hamna, na mashamba yanapewa kwa zamu, zamu inahesabiwa kwa muda, kama nusu saa nusu saa, wanaiita athar, na mtu anaweza kuirithi au kuikodisha kama vile nyumba. Chini ya mitende kuna milimau na majani ya mifugo, na nje ya hapo ni mawe matupu. Ukishaona hivyo, kubishania baisa mia, yaani vijisenti vya Oman, kwenye kilo unaona haya.

Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi, wanazungushwa kwenye duara wanunuzi wakipiga kelele, raha tupu, lakini pa kuegesha gari hamna, fikeni mapema sana.